Vidole vitatu visivyojikunja majini

Swali: Nina miaka 41, napara samaki mwaloni Kirumba, Mwanza, mikono iko majini tangu asubuhi hadi jioni. Zamani vidole vyangu vyote vilijikunja kama vya mtu yeyote anayefua au kuogelea. Siku hizi mkono wa kushoto unajikunja wote, lakini mkono wa kulia, ule wa kisu, gumba na kidole cha shahada na cha kati vinabaki laini kana kwamba sijagusa maji. Usiku vitatu hivyohivyo vinakufa ganzi hadi naamka kuukung'uta mkono. Jirani yangu anasema ngozi imekufa kwa maji. Mume wangu anasema baridi imeingia kwenye misuli ya vidole. Nani mkweli, na nifanye nini?

Jibu: Dada yangu, pole na kazi. Jirani na shemeji wote wawili wamekosa, ingawa kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Ngozi yako haijafa. Na baridi haiwezi kuingia kwenye misuli ya vidole kwa sababu ndani ya vidole hakuna msuli wa kuvikunja wala wa kuvinyoosha. Kwa jinsi ulivyoeleza, ninachokishuku ni mshipa mmoja wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono wako wa kulia. Siwezi kukupima kwa maandishi, kwa hiyo nitakueleza kwa nini nimefikiri hivyo, ili atakayekushika mkono athibitishe au anikatalie.

Tuanze na mikunjo, maana ndiyo iliyokutia wasiwasi na ndiyo inayosema mengi. Wengi tunaamini kwamba vidole hujikunja kwa sababu ngozi ya juu imefyonza maji, ikavimba, ikakosa pa kukaa. Maelezo hayo yanaridhisha mpaka ukutane na mkono kama wako. Mikono yako iko kwenye beseni moja, maji yaleyale, muda uleule. Ingekuwa ni maji peke yake, vidole vyote kumi vingejikunja. Mwaka 1936 madaktari wawili wa London, Thomas Lewis na George Pickering, waliliona jambo hilohilo kwa wagonjwa walioharibika mshipa wa fahamu wa mkono: ngozi iliyokosa hisia haikujikunja majini, ya pembeni yake ilijikunja. Mwaka 1973 mpasuaji wa Ireland, O'Riain, akapendekeza jambo hilo litumike kama kipimo cha hospitali. Unaloweka mkono kwenye maji ya nyuzi joto 40 kwa dakika 30, kisha unatazama kidole gani kimebaki laini. Kinafaa hasa kwa mtoto mdogo asiyeweza kukuambia wapi anahisi na wapi hahisi. Wewe umekuwa ukijipima hivyo kila siku ya kazi bila kulipa hata shilingi.

Sasa jinsi inavyotokea. Tabaka la juu la ngozi, epidemisi, halina mshipa wa damu hata mmoja, ndiyo maana gamba la sato likikukwaruza juujuu hutoki damu. Seli zake huzaliwa chini, husukumwa juu kwa muda wa wiki nne hivi, na zikifika juu zimeshakufa na kujaa keratini, ile protini ngumu ya kucha na nywele. Hapo ndipo jirani yako ana haki kidogo: uso wa ngozi ya kila binadamu ni seli zilizokufa, wako, wangu na wa mtoto mchanga. Sugu za kiganjani mwako ni tabaka hilohilo limeongezeka unene kwa kusuguliwa na mpini wa kisu. Ni kinga, usizichonge kwa wembe. Chini ya epidemisi ipo demisi, na huko ndiko kuliko na mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, tezi za jasho na nyuzi imara za kolajeni.

Ngozi ya viganja na nyayo ni ya namna yake. Haina vinyweleo wala tezi za mafuta, tabaka lake la juu ni nene, na matundu ya jasho ni mengi mno. Maji huingia kwa matundu hayo na kubadili uwiano wa chumvichumvi uliopo pale. Mishipa midogo ya fahamu, ile inayojiendesha yenyewe bila wewe kuiamuru, inashtuka na kuiagiza mishipa ya damu ya ncha ya kidole ijibane. Damu inapungua, nyama ya ncha ya kidole inasinyaa kidogo, na ngozi ya juu, ambayo imeshikiliwa kwa nyuzi toka chini, inavutwa ndani hapa na kuachwa juu pale. Hiyo ndiyo mikunjo. Mwaka 2003 watafiti wa Singapore walionyesha kwamba damu kweli hupungua wakati kidole kinajikunja, na ukitazama vizuri utaona kidole kilichojikunja hupauka pia. Mshipa wa fahamu ukikatika au ukibanwa sana, agizo halifiki. Mishipa ya damu inabaki wazi, kidole kinabaki kimejaa na laini.

Yaani kidole kilichojikunja ndicho kizima, na kilicholainika ndicho cha kukitilia shaka. Watu wengi huliona jambo hili kinyume.

Maji ya ziwa letu hayana chumvi, na kwenye maji yasiyo na chumvi vidole hujikunja upesi kuliko kwenye maji ya bahari. Mwenzako anayepara samaki pale Feri, Dar es Salaam, atasubiri zaidi akitumia maji ya bahari. Maji ya vuguvugu nayo huharakisha, ya baridi huchelewesha. Kwa hiyo usijipime siku uliyoshinda umeshika barafu. Kuna walioamini kwamba mikunjo inatusaidia kushika vitu vilivyolowa: utafiti mmoja wa Newcastle, Uingereza, wa mwaka 2013, ulikuta watu wenye vidole vilivyojikunja wakihamisha vitu vya majini haraka zaidi, na mwaka uliofuata wengine wakarudia wasione tofauti. Mimi ningewauliza wapara samaki wa Kirumba kabla ya kufunga mjadala huo.

Na kwa kuwa tumegusa ngozi na ziwa: ngozi hii inayozuia maji haizuii vijidudu vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa dakika chache tu. Kama huwa unasimama ziwani kuosha samaki, siku ukienda hospitali pima na choo.

Turudi kwenye vidole vitatu. Kiganja kimegawanywa baina ya mishipa ya fahamu, yaani neva, kwa mipaka ambayo haibadilikibadiliki sana kati ya mtu na mtu. Neva ya mediani hupokea hisia za gumba, kidole cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete upande unaoelekea gumba. Neva ya alna inachukua nusu iliyobaki ya kidole cha pete na kidole cha mwisho chote. Ya tatu, ya redio, inashughulika zaidi na mgongo wa mkono. Fungu lako wewe ni la mediani karibu bila kukosea. Chukua pamba kavu, fumba macho, mtoto wako akupitishie taratibu kwenye kidole cha pete, kwanza upande wa gumba, halafu upande wa kidole cha mwisho. Ukikuta upande mmoja umefifia na mwingine uko sawa, basi habari ya baridi tuiache, kwa sababu baridi haijui kukigawa kidole katikati kwa urefu wake. Neva ndizo zinazogawana hivyo.

Kwa nini basi mediani, na kwa nini kwenye kifundo? Hapa inabidi tuingie kwenye misuli.

Shika kigasha chako cha kulia, pale kati ya kiwiko na kifundo, kisha chezesha vidole. Umesikia kitu kinatembea chini ya ngozi? Misuli mikubwa inayokunja vidole iko hapo, mbali kabisa na vidole vyenyewe. Inavivuta kwa kano ndefu zinazopita kifundoni hadi kwenye mifupa ya vidole, na zinateleza ndani ya ala zenye ute kama waya wa breki ya baiskeli ndani ya bomba lake. Kano tisa za kukunja vidole hupita pamoja kwenye njia moja nyembamba ya kifundo: nane za vidole vinne, mbili kwa kila kidole, na moja ya gumba. Sakafu na kuta za njia hiyo ni mifupa midogo ya kifundo, ambayo ipo minane, na dari yake ni ligamenti, ukanda wa kuunganisha mifupa, mpana na mgumu usiotanuka. Katikati ya kano hizo tisa imepenyezwa neva ya mediani. Ala za kano zikivimba kwa kazi ya kukaza na kukunja inayojirudia, mfupa hausogei, ligamenti haisogei, kano ni ngumu. Kinachobaki cha kubanwa ni neva.

Misuli yenyewe wewe unaifahamu kwa macho kuliko wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza. Minofu ya sangara unayoikata ni msuli. Ile nyeupe, ambayo ndiyo nyingi, ni ya kasi: hutoa nguvu kubwa mara moja na kuchoka upesi. Ule ukanda mwekundu mwembamba ubavuni, chini tu ya ngozi, ni msuli wa kuogelea polepole bila kuchoka, na wekundu wake unatokana na mioglobini inayohifadhi oksijeni. Sisi binadamu hatukutenganishiwa namna hiyo. Kila msuli wetu una mchanganyiko wa nyuzi za aina zote mbili.

Unajua pia kwamba samaki aliyekufa hukakamaa, kisha baada ya muda hulegea. Ndani ya kila uzi wa msuli kuna protini mbili zilizopangwa sambamba, aktini na miosini. Vichwa vya miosini hushika aktini, huivuta, huachia, hushika tena mbele kidogo, na msuli unafupika. Ajabu ni kwamba nishati, ile ATP, inahitajika ili kichwa kiachie. Samaki akifa ATP inakwisha, vichwa vinabaki vimeng'ang'ania, mwili mzima unakuwa mkavu kama ubao, mpaka protini zenyewe zianze kuvunjika. Anayemshika samaki huyo hudhani anajikaza, kumbe ameishiwa uwezo wa kujiachia.

Kigasha chako hakifiki huko, usiogope. Lakini unapokishika kisu saa nzima bila kulegeza, msuli uliokaza unajibania mishipa yake yenyewe ya damu, na damu safi inaingia kwa shida. Jioni unaona kigasha kizito, kigumu, kinauma. Hayo ni maumivu ya msuli, na yakipata usiku mmoja au miwili ya mapumziko huondoka. Ganzi ya vidole vitatu ni jambo jingine, la neva, na halitaondoka kwa kulala. Wewe mwenyewe umesema ndipo linapozidi. Sababu ni kwamba wengi tunalala tumekunja kifundo, na kifundo kikikunjwa njia ile inabana zaidi. Kukung'uta mkono usiku ni dalili inayojulikana kiasi kwamba daktari atakuuliza hata kabla hujaitaja. Shemeji naye nimpe haki yake: barafu na maji ya baridi hupunguza kasi ya neva na kuufanya msuli uwe mzito, kwa hiyo baridi inaweza kuzidisha unachokisikia. Chanzo lakini si yenyewe.

Jaribio moja la nyumbani: gusanisha migongo ya viganja vyako viwili mbele ya kifua, vidole vikitazama chini, vifundo vimekunjwa, ukae hivyo dakika moja. Vidole vilevile vya kulia vikianza kuchomachoma, ushahidi umeongezeka. Halafu linganisha ile nyama iliyotuna chini ya gumba, ya kulia na ya kushoto. Misuli midogo iliyopo pale inaendeshwa na neva hiihii ya mediani. Ya kulia ikiwa imebonyea kuliko ya kushoto, au kama siku hizi kisu kinakuponyoka, usingoje, nenda wiki hii. Neva iliyobanwa miezi michache hurudi; iliyobanwa hadi msuli wake ukakonda haina ahadi hiyo.

Kuna mambo mengine lazima yaangaliwe, na la kwanza watu hawapendi kulisikia. Ukoma bado upo nchini, na unaharibu neva na kuondoa jasho na hisia za ngozi. Mara nyingi huanza na neva ya alna, yaani kidole cha mwisho na cha pete, si fungu lako. Hata hivyo jikague mwili mzima kama kuna baka lililopauka lisilohisi unapoligusa. Likiwepo, dawa zipo, hutolewa bure, na ukoma unapona. Kisukari nacho huharibu neva, ila kwa kawaida huanzia miguuni, pande zote mbili kwa pamoja. Neva inaweza pia kubanwa juu, shingoni inakotokea, lakini hapo maumivu hushuka kutoka shingo na bega. Ujauzito, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, na ugonjwa wa viungo kuvimba, vyote hujaza maji au uvimbe kwenye njia ile ya kifundo. Mweleze daktari kama una lolote kati ya hayo, hata kama hakuuliza.

Ya kufanya kuanzia leo. Usiku funga kifundo kikae kimenyooka. Kama huwezi kupata kifaa cha dukani, kibao kidogo chembamba kilichozungushiwa kitambaa, kikae upande wa kiganja toka katikati ya kiganja hadi katikati ya kigasha, kinatosha. Vidole viwe huru, na usikaze mpaka mkono ukavimba. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki kadhaa, maana usiku mmoja hautakuambia kitu. Mchana, noa kisu. Kisu butu kinakulazimisha kukaza mara mbili ya nguvu inayotakiwa. Mpini mwembamba nao unakula mkono: uzungushie vipande vya mpira wa tairi la ndani hadi unene, ili vidole visijikunje sana kuushika. Panga meza au gogo lako kwa kimo ambacho kifundo hakipindi unapokata. Na pumzisha mkono kabla haujachoka, hata kwa kubadilishana na mwenzako, yeye apare wewe uoshe.

Jihadhari na vidole hivyo visivyohisi. Mwiba wa sato unaweza kuingia usijue mpaka kesho kidole kimevimba. Kama unakaanga samaki pia, usipime joto la maji wala kushika karai kwa mkono wa kulia, tumia wa kushoto. Hata kile kipimo cha maji ya vuguvugu, ukitaka kukirudia nyumbani, maji yaonje kwanza kwa kushoto. Jioni osha mikono kwa maji safi, ikaushe hadi katikati ya vidole, upake mafuta. Ngozi ya viganja haijitengenezei mafuta yake.

Usiyoyafanya: kwanza, usimruhusu mtu akuchanje kifundoni. Neva ya mediani pale iko juujuu mno, na wembe mmoja unaweza kugeuza ganzi ya muda kuwa ya maisha. Pili, usizoee diklofenaki ya duka la dawa. Inaweza kukupunguzia maumivu ya kigasha, lakini neva iliyobanwa haifungui, na tumbo na figo zako ndizo zitakazolipa.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, na kama kufunga kifundo usiku hakujaleta nafuu kwa wiki sita hivi, au nyama ya gumba imekonda, omba rufaa ya hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Huko wanaweza kukuchoma sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, pale kifundoni, ambayo huleta nafuu kwa wengi ingawa kwa baadhi ganzi hurudi baada ya miezi. Zikishindikana zote, upasuaji wake ni mdogo: mkono unatiwa ganzi, ile ligamenti ya darini inakatwa, neva inapata nafasi, na mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ila kidonda hicho hakitakiwi kuona maji ya samaki mpaka kipone kabisa, kwa hiyo mipango ya nani atakaa mezani kwako mwaloni uifanye kabla ya kwenda, siyo baada.

Ukiingia kwa daktari usiseme tu kwamba mkono unauma, utaandikiwa dawa za maumivu urudi nyumbani. Mtajie vidole kwa majina yake, mwambie ni vya mkono wa kulia tu, mwambie unaamka usiku kuukung'uta, na mwambie havijikunji majini wakati vingine vinajikunja. Kama ana haraka, mwombe akuguse kidole cha pete pande zote mbili.